Nilivyouza Mababu wa Mikoroshini

Vijana mnaotandika vitabu kandokando ya barabara, nimewaangalia. Mnavilaza chali kama samaki waliochoka. Jua linababua majalada, na mpita njia anaviona vyote kwa jicho moja, anatosheka, anakwenda zake. Visimamisheni, migongo nje. Mtu akitaka kujua ni kitabu gani, ainame. Akishainama, nusu ya kazi imekwisha, maana hakuna anayependa kuonekana ameinama bure.

Mie nimeuza vitabu miaka thelathini na nne, au thelathini na tano ukijumlisha ule mwaka wa mvua ambao niliuza miavuli. Nilianza enzi za Mwingereza, kwa baiskeli moja na kasha la sabuni nililolifunga nyuma kwa mpira wa tairi. Nilipanga chumba Keko, nyuma ya karakana ya seremala. Kila asubuhi nilihesabu vitabu mara mbili kabla ya kuvipakia: mara ya kwanza nijue viko vingapi, mara ya pili nijue kama nilikuwa nimeamka.

Siku za soko nilikwenda Tandale na daftari, penseli na vitabu vya dua. Jumamosi niliwafuata makarani wa kutoka bara kwenye vyumba vyao vya kupanga. Hao walitaka kamusi ya Kiingereza, na Jumapili waliibeba kwapani kwenda nayo kanisani na kurudi. Sikuwahi kumwona mtu akiifungua, lakini makwapa yao yalijua Kiingereza vizuri sana.

Chini ya kasha tandikeni majani makavu ya mwarobaini, kwa ajili ya mchwa. Mwaka mmoja nilisahau, wakanilia kitabu cha hesabu kuanzia kujumlisha mpaka kuzidisha. Nilichukua wiki tatu kumpata mteja aliyetaka kugawanya tu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Pius, mtu wa bara, aliyekuwa katekista kabla ya kuwa mchuuzi. Alisema mambo mawili. La kwanza, mteja hanunui karatasi, ananunua mtu anayemjua. Kwa hiyo muulize kwao wapi, kisha mwambie humu ndani wamo watu wa kwao. La pili, usiuze kitabu ambacho hujakisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nilikuwa kijana mwepesi. La kwanza nililichukua palepale. La pili nilisema nitarudi kulichukua.

Hili ninalowasimulia lilitokea kwa sababu sikurudi.

Mikoroshini ilikuwa upande wa Temeke, ukishapita mashamba ya minazi. Msihangaike kuitafuta, mji umeshaimeza. Ilikuwa na nyumba sitini na moja za makuti, msikiti mmoja, kisima kimoja na historia moja. Historia yenyewe kila mtoto aliijua: wazee waanzilishi walikuja kwa ngoma na bendera, mkononi wana hati ya Sultani ya kupewa ardhi. Hati ililiwa na mchwa. Bendera ililiwa na mchwa. Ngoma nayo vilevile. Ukiuliza sana, ulionekana huna adabu.

Basi akatokea Mwalimu Idrisa, mzaliwa wa hapohapo, mwalimu wa shule ya msingi, akaandika riwaya. Aliiita Waliochimba Kisima, akaipeleka kwa mchapaji mmoja mjini. Humo ndani watu saba wanatoroka shamba la bwana wao, huko pwani ya kaskazini, wanatembea siku tisa, wanavuka hori lenye mikoko, wanafika penye mikorosho na kuchimba kisima. Hakuna ngoma. Hakuna hati. Ni watumwa saba na majembe mawili ya wizi.

Hayo nawaambia leo. Wakati ule sikuyajua. Mwalimu alinipa nakala arobaini, nikazihesabu mara mbili, na kurasa za nakala moja nikazihesabu pia: mia moja na hamsini na mbili. Nikaona kitabu nimekifahamu.

Nikaenda kukiuza Mikoroshini kwenyewe, na kila mlango nilibisha kwa maneno yaleyale: “Hodi. Kimetoka kitabu cha hapa kwenu. Babu yako yumo.” Siku mbili, nyumba thelathini na mbili. Sijapata kuuza vile tena, na sina hamu.

Mnunuzi mkubwa alikuwa Mzee Sefu, msemaji wa mtaa. Posa au mgogoro wa mpaka wa shamba haukuanza mpaka yeye akohoe.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umebeba nini?”

“Babu yako.”

Akakigeuza kitabu upande huu na upande ule. “Amekaaje humo?”

“Vizuri.”

“Amepanda farasi?”

Swali la farasi sikulitarajia. “We Mzee unaonaje, mtu kama yule atembee kwa miguu?”

“Haiwezekani.”

“Basi.”

Akaniletea jogoo. Nikamwambia kitabu kinene, jogoo mwembamba. Akaongeza mayai matatu. Tukaachana kila mmoja akiamini amempunja mwenzake, na hiyo ndiyo biashara safi.

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanya kazi. Wazee wale walisoma herufi za Kiarabu bila kikwazo, lakini herufi za Kizungu walisomewa na watoto wao au na karani wa jirani. Kila nyumba ilisomewa peke yake, na kila nyumba ilikuwa inatafuta mtu mmoja tu. Ukimtafuta babu yako kwenye kitabu chenye watu saba, utampata. Aliyekuwa na babu mrefu alimkuta yule mrefu aliyechapwa viboko. Aliyekuwa na babu mfupi alimkuta mfupi aliyeiba jembe. Mzee Sefu alimwambia msomaji amtafutie penye farasi. Farasi hakuwemo, akampata babu yake kwa mguu: babu alikuwa akichechemea, na humo kuna kiguru. Kiguru huyo aliuzwa kwa pishi mbili za mtama.

Ijumaa, baada ya sala, wakakubaliana kwamba Mwalimu Idrisa amewatukana watu waliolala makaburini. Wakampa sharti: asimame msikitini mbele ya watu aseme ametunga uongo. La sivyo, masufuria hayatakwenda kwake.

Nyie mnakodi viti na mahema, hamjui hukumu hiyo. Mikoroshini kulikuwa na masufuria makubwa kumi na moja, mali ya mtaa mzima, yaliyotunzwa nyumbani kwa Bi Tausi. Huyu Bi Tausi alikuwa dada mkubwa wa Mzee Sefu, baba mmoja mama mmoja. Ukiwa na harusi au msiba, hukuomba. Masufuria yalikuja, nyuma ya masufuria wakaja wapishi, nyuma ya wapishi wakaja watu wote. Yasipokuja, hakuna anayekuja. Kula utakula peke yako, na siku ya kufa utatafuta wa kukubeba.

Na Mwalimu alikuwa na harusi. Mdogo wake, Zena, alikuwa aolewe Ijumaa inayofuata na kijana wa Mwananyamala. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyekuwa anaoza.

Jumatatu akanijia Keko. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nabandika jalada la kitabu cha dua kwa gundi ya seremala.

“Wamekataa masufuria,” akasema.

“Azima Temeke. Namjua mtu.”

“Masufuria naweza kuazima. Watu nitaazima wapi? Wale wa Mwananyamala wakifika wakakuta uani hakuna hata mwanamke mmoja anayepepeta mchele, watauliza. Wakijibiwa, watageuza. Mama mkwe wa Zena ameshaanza kuuliza.”

“Si useme tu ni uongo? Riwaya si uongo?”

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea mara ya saba. “Watu sita humo nimewatunga. Mmoja ni wa kweli, bibi yangu, mama yake baba. Alinisimulia mwenyewe alivyotembea. Wenzake alikataa kunitajia, na mie sikuwataja. Nikisimama kesho niseme ni uongo, bibi yangu atakuwa hakuvuka.” Akavua miwani, akaifuta. “Kinachonishangaza, watu wa nyumba thelathini na mbili wananiambia nimemwandika babu yao. Nani kawaambia?”

Gundi ilikuwa inakauka. Nikaipaka tena.

“Mie,” nikasema.

“Wewe.”

“Kila mlango. Ili wanunue.”

“Ulikisoma?”

“Nilikihesabu.”

Akavaa miwani, nadhani aone kama bado nipo. Hakupandisha sauti. Mwalimu asiyepandisha sauti ni mbaya kuliko mwenye fimbo.

“Nenda ukawaambie,” akasema.

“Watanipiga.”

“Huenda.”

Alipoondoka nilikaa najadiliana na nafsi yangu, na mie nafsi yangu huwa siipunguzii kitu. Upande mmoja nikasema: Mikoroshini ni mtaa mmoja tu, sitarudi, vitabu nitauza kwingine. Upande wa pili nikasema: kuna msichana atakayeachwa uani na hina mikononi, kwa sababu wewe ulitaka jogoo. Nilijaribu kushusha bei kwa pande zote mbili. Haikushuka. Jumanne asubuhi nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Mzee Sefu kwenye baraza ya dada yake, pamoja na wazee wengine watano. Nikaanza kwa kile nilichokijua, mapatano.

“Mzee, nimekuja kuvirudisha vitabu. Nipeni vyote, yaishe.”

“Vitachomwa,” akasema Mzee Sefu. “Na Mwalimu atasimama msikitini.”

“Vikichomwa, Mwalimu wa nini tena?”

“Vikichomwa karatasi zimekwisha. Maneno bado.”

“Basi nusu. Vichomwe, Mwalimu anyamaze, na masufuria yaende.”

“Wee kijana unauza nyanya hapa?”

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa ya Bi Tausi. “Sefu. Hicho kitabu, wewe umesomewa chote?”

“Nimesomewa panapohusika.”

“Wapi panahusika?”

“Pa babu.”

“Mie sijasomewa hata kidogo, na masufuria yako kwangu. Huyo muuza vitabu anajua kusoma?”

Nikasema najua.

“Asome hapa, baada ya alasiri, mpaka magharibi. Kuanzia mwanzo.”

“Leo tu, Bi Mkubwa?” nikauliza.

“Mpaka kiishe.”

“Nyumbani nina shughuli, Bi Mkubwa. Tuseme kurasa hamsini.”

“Mpaka kiishe,” akasema Bi Tausi, na nikajua nimekutana na mtu asiyepungua.

Alasiri hiyo barazani na uani niliwahesabu wanaume arobaini na watatu. Nikarudia, wakawa walewale. Mwalimu Idrisa alikaa mwisho kabisa, karibu na mtungi wa maji, na pande zake zote mbili mkeka ulikuwa mtupu. Wanawake walikuwa ndani, hao sikuweza kuwahesabu, ila pazia lilikuwa limevimba.

Nikasimama. Nikasema kabla sijasoma nina neno. Nikasema nyumba thelathini na mbili niliziambia babu yao yumo, na wakati nasema hivyo nilikuwa sijasoma hata mstari. Mwalimu hakumwandika babu wa mtu yeyote wa nyumba hizo. Mie ndiye niliyewaingiza humo, mlangoni, nikiwa nimeshika baiskeli.

Kisha fundi mmoja wa makuti akasema, “Kwangu ulisema babu alikuwa na jambia la fedha.”

“Jambia ulilitaka wewe. Mie nilikubali tu.”

“Na farasi je?” akauliza Mzee Sefu.

“Farasi nawe ulikuja naye mwenyewe, Mzee.”

“Nirudishie jogoo wangu.”

“Nimeshamla.”

“Alikuwaje?”

“Mgumu.”

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Hawakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa na nikaona kama nimenyimwa kitu. Mzee Sefu akasema hata hivyo kitabu kimesema mji umejengwa na watumwa, awe babu wa fulani asiwe babu wa fulani, na wao walikuja kwa ngoma, bendera na hati. Wazee wakaitikia. Bi Tausi akasema soma.

Nikasoma. Wanangu, nilikuwa nakisikia kitabu kwa mara ya kwanza pamoja na wateja wangu, na sitaki kumwona yeyote kati yenu katika hali hiyo. Ukurasa ukigeuka hujui unaingia wapi. Ilipofika yule mrefu kuchapwa, nikafuta jicho, nikasingizia vumbi.

Jumatano tulisoma kurasa ishirini na mbili tu. Kila ukurasa ulikuwa na mahakama yake. Nikisoma watu walikula mihogo, mmoja anasema msimu ule mihogo inakuwa bado michanga. Nikisoma kisima kilichimbwa kwenye mchanga, mwingine anasema ni mfinyanzi, yeye amekisafisha mara mbili. Mwalimu alitoa penseli akawa anaandika pembeni, hajibu. Jua likazama tumewaacha wale saba njiani, wamelala kwenye shamba la mtu, na wale arobaini na watatu wakaondoka wakibishana shamba lilikuwa la nani.

Nikarudi Keko nikiwa na hofu ya hesabu. Zilibaki kurasa nyingi na alasiri moja. Huko Mwananyamala walishachagua watakaokuja kumchukua bibi harusi.

Alhamisi nilianza mapema, nikasoma mbio. Mzee Sefu akaniambia sisomi, nakimbizwa. Nikapunguza. Tukafika hori, ule mkono wa bahari, na mikoko yake. Mwalimu aliandika hivi, na mie nikasoma hivyo: kwamba wale saba walifika ukingoni alfajiri, wakasikia mbwa nyuma yao, wakaingia majini palepale wakavuka, maji yakiwafika kifuani.

“Hapana,” akasema Mzee Sefu.

Nikaweka kidole kwenye mstari.

“Hapo amekosea. Hapo hapavukiki maji yakijaa. Hata mtu mzima anazama, sembuse mwenye mtoto. Walisubiri.”

Watu wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali. Fundi wa makuti akasema, “Ndiyo, walisubiri.” Kisha naye akasikia alichokisema.

Kwa siku tatu walikuwa wamebishia mihogo, udongo na mashamba. Sasa walikuwa wanamrekebisha Mwalimu njia ya watoro, wao haohao waliosema walikuja kwa ngoma na bendera.

Pazia likasogea. Bi Tausi akatoka, akasimama kwenye kizingiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imeungua madoa madoa kwa mvuke wa shughuli za watu.

“Nani alikwambia walisubiri, Sefu?”

Mzee Sefu alitazama miguu yake.

“Nakuuliza, mdogo wangu.”

“Bibi,” akasema.

“Alisubiri wapi?”

“Juu ya mkoko.” Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya msikitini. “Tangu maji yanajaa. Mtoto alimfunga mgongoni kwa kamba ya ukindu asije akadondoka akisinzia. Mtoto mwenyewe ndiye baba.”

“Ndiye baba,” akasema Bi Tausi. “Na mbwa?”

“Mbwa walikuja wakasimama ukingoni. Maji yakapoteza harufu.”

Bi Tausi akageuka kwa watu. “Aliniambia mie na huyu, chumbani, tukaapishwa tusiliseme. Nimewapikieni misiba yenu yote na sijalisema. Kuna mwingine ameapishwa, au ni sie wawili tu?”

Fundi wa makuti akakwaruza mkeka kwa kidole.

“Babu yangu alikuwa kwenye mkoko wa jirani,” akasema. “Alikuwa anapiga chafya. Walitaka kumtupa majini.”

Mzee mwingine akasema wa kwake ndiye aliyemziba mdomo. Mwingine akasema aliyemziba hakuwa babu wa huyo mzee, alikuwa babu yake yeye. Wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko kitabu. Mwalimu Idrisa alikuwa ameacha kuandika. Penseli imesimama hewani, machozi yanamtoka chini ya miwani, na hakuna aliyemtazama, maana wote walikuwa juu ya mikoko.

Mwisho Mwalimu akauliza, “Niandike walisubiri muda gani, Mzee?”

“Mpaka maji yakupwe. Unataka saa? Hatukuwa na saa.”

Bi Tausi akaita wanawake ndani, kwa sauti ya mtu anayekumbusha chumvi. “Toeni masufuria, yapelekwe kwa akina Zena. Mikeka pia. Na mtu awahi kuchagua mchele, kesho si mbali.”

Wakaanza kutoka, wawili wawili kwa kila sufuria, wakitupitia katikati. Wazee wakawa wanavuta miguu kuwapisha huku wanaendelea kubishana nani alikuwa tawi gani. Sufuria moja likamgonga Mwalimu begani, na aliyelibeba akamwambia, “Sogea basi, Mwalimu, kwani hii harusi ya nani?” Jua lilikuwa limeshuka. Nikaona kazi yangu imekwisha, nikakifunga kitabu.

Mzee Sefu akanishika mkono.

“Unafunga nini?” akasema. “Watu bado wako juu ya miti. Soma, maji yamekupwa.”